Ukinunua mashua ya trela, anza kwa kuinama

Mwezi wa kununua ni Oktoba. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, Michigan, Wisconsin na Minnesota, huo ndio wakati ambao wenye mashua huzitoa majini kabla maziwa hayajaganda. Kila mmoja anapiga hesabu ya turubai, ya mahali pa kuiweka, na ya miezi ambayo chombo kitakaa chini ya theluji bila kumfaa kitu. Aliyechoka na hesabu hiyo huandika tangazo. Mashua ambayo mwezi Aprili mwenyewe angeishikilia kwa dola 4,000, Oktoba anaweza kuiachia kwa 2,500, pamoja na trela, matanga, nanga na mashine ya kupachika nyuma.

Nawaandikia hasa wenzetu waliotoka Lamu, Tanga, Unguja na Kilwa, na wale wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura, ambao leo wanaishi Houston, Columbus au Minneapolis. Ni watu waliokulia kando ya maji, wakahamia nchi yenye maziwa tele, na sasa wanayaona wakiwa ndani ya gari tu, wakielekea kazini. Ukiwauliza sababu, wengi husema vyombo vya tanga kule ni vya matajiri. Kwa vile vinavyolala gatini mwaka mzima wana haki ya kusema hivyo, maana ada ya gati peke yake inaweza kummaliza mtu wa mshahara wa kawaida. Lakini kuna vyombo vilivyoundwa kwa makusudi ili mwalimu wa shule au fundi wa mabomba akokote chake kwa gari la nyumbani, akitie ziwani asubuhi, na jioni akirudishe uani kwake ambako hakilipiwi kitu. Kilichotumika hupatikana kwa bei iliyo chini ya gari kuukuu. Kinachotakiwa ni kujua pa kutazama, na sehemu kubwa ya hapo iko chini ya mashua, ambako picha za matangazo hazifiki.

Mfano ninaoujua vizuri ni Catalina 22. Frank Butler wa California alianza kuiunda mwaka 1969, na kiwanda chake kimetoa zaidi ya 15,000 za aina hiyo. Ina urefu wa futi 21 na nusu, upana wa futi 7 na inchi 8, na uzito unaokaribia kilo 1,000. Upana huo haukuja kwa bahati. Sheria za barabara za Marekani kwa muda mrefu ziliweka kikomo cha futi 8 kwa gari na mzigo wake. Futi 8 na nusu kwenye barabara kuu zilikuja na sheria ya mwaka 1982. Aliyechora mashua ya trela kabla ya hapo alilazimika kubaki ndani ya futi 8, la sivyo mnunuzi wake angehitaji kibali kila anapotoka nyumbani. Ndiyo maana mashua nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina kiuno kinachofanana, hata zikiwa za viwanda tofauti.

Kikwazo cha pili kilikuwa mkuku. Mashua ya tanga inataka uzito chini ili isimame wima na isisukumwe upande inapokwenda joshi. Lakini mkuku mrefu uliokazwa moja kwa moja huiinua mashua juu sana ikiwa kwenye trela, na mteremko wa zege wa ziwani hautoshi kuifikisha kwenye maji ya kuielesha. Catalina 22 nyingi zina mkuku wa kukunja: chuma cha kusubu cha pauni 550, takriban kilo 250, kinachoning'inia kwenye pini moja nene na kuinuliwa kwa waya na winchi ndogo. Ukishushwa, mashua inahitaji maji ya futi 5. Ukiinuliwa, futi 2 zinatosha, na unaweza kusogea hadi ufukoni ukashuka kwa miguu. Zipo pia zenye mkuku usiokunjika. Zinabisha vizuri zaidi, lakini kwa mtu atakayeishusha na kuiopoa kila wikiendi sizipendekezi.

Hapo ndipo pa kuinama, hata kama ardhi ina tope. Ingia chini ya mashua na tochi, uitazame pini na vishikio vyake. Pini huliwa kidogo kidogo, tundu la mkuku nalo hupanuka likawa na umbo la yai, na chuma chote huanza kucheza. Mwenye mashua ya namna hiyo hulala ndani akiwa ametia nanga na kusikia mkuku ukigonga kuta za nyumba yake usiku kucha, kwa kila wimbi dogo linalopita. Kama trela linaruhusu, mwombe muuzaji auteremshe mpaka uning'inie kwenye waya, kisha uushike kwa mikono miwili na kuusukuma kulia na kushoto. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukicheza sana, kuna pini, vishikio na bolti za kubadilisha, na kazi hiyo inataka mashua iinuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwa magogo huku kilo 250 zikiteremshwa pole pole. Si kazi ya mtu mmoja wala ya siku moja. Jambo hilo liingie kwenye bei kabla hujashikana mkono na mtu.

Kutu nayo isomwe vizuri. Chuma cha kusubu lazima kifanye kutu, na vumbi jekundu juu ya mkuku wa mashua ya Ziwa Michigan halinitishi. Kinachonitisha ni magamba mazito yanayobanduka kama maganda ya mti, ambayo huonekana zaidi kwenye mashua zilizokaa maji ya chumvi ya Florida au Galveston. Kwa sababu hiyo nitaendesha saa nyingi kufuata mashua ya maji baridi, hata kama ya maji chumvi iko jirani na inauzwa rahisi. Chumvi haili mkuku tu. Inakula breki za trela, skrubu, nyaya za umeme na mashine.

Halafu utazame waya unaouinua mkuku, hasa pale ulipofungwa kwenye chuma chini. Nyuzi zikiwa zimekatika, ujue waya unahitaji kubadilishwa. Wenyewe haugharimu sana. Ukikatika mkuku ukiwa juu, uzito ule wote hudondoka na kubamiza, na unaweza kupasua nyumba ya mkuku. Ndani ya mashua, karibu na winchi, waya huo hupita kwenye mpira mfupi uliobanwa kwa klipu, ulio chini ya usawa wa maji. Mpira huo ukizeeka na kupasuka, maji huingia. Mnunuzi hukaa kwenye mito ya ndani akisifu nafasi, na mpira huo uko hapo karibu na miguu yake bila kuuona.

Kutoka chini panda juu, uvue viatu. Faiba haiozi, na hilo ndilo linalowafanya watu waamini kuwa mashua ya mwaka 1978 inaweza kununuliwa bila wasiwasi. Lakini sitaha yake imejengwa kwa matabaka mawili ya faiba yenye plaiwudi katikati. Kila skrubu iliyopita hapo, ya kushika kamba au nguzo ya ukingoni, ni tundu ambalo maji yanaweza kupitia. Yakiingia, hayana pa kutokea. Ubao huoza ndani kwa ndani, na kule kaskazini maji hayo huganda kila mwaka, yakatanuka na kuyatenganisha matabaka. Tembea juu ya sitaha yote ukikanyaga kwa kisigino. Mahali panapobonyea ni pabovu. Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki, au hata mpini wa bisibisi, ugongegonge. Sehemu nzima hutoa mlio mkavu wa juu, sehemu iliyooza hutoa mlio mzito uliokufa. Sikio linaelewa baada ya dakika chache, bila cheti cha ukaguzi. Kwa mashua ya dola elfu tatu, kumlipa mkaguzi wa kitaalamu ni kutumia fedha ambazo zingenunua nyaya mpya za mlingoti.

Chini ya mlingoti pagongwe kwa umakini zaidi kuliko pote. Mlingoti wa Catalina 22 husimama juu ya sitaha, na mzigo wake hushushwa na nguzo ya mbao iliyo ndani ya chumba. Sitaha ikiwa imezama hapo, hata kwa unene wa kidole, muuzaji akueleze ilikuwaje. Nyaya zinazoushika mlingoti nazo zipitishe kitambaa cha pamba: uzi wa chuma uliokatika utakikwaruza. Nyaya zilizo na zaidi ya miaka 15 mimi huzihesabu kuwa za kubadilisha hata ziking'aa, na seti nzima ni dola mia kadhaa. Angalia na koki za maji zilizopita kwenye ubavu. Mashua za miaka ya mwanzo zilitoka na koki za shaba za aina inayotumika kwenye mabomba ya nyumbani, na nyingi zimeshika hazizunguki tena.

Kuhusu matanga sina mengi. Yakunje na kuyakunjua: kitambaa kizuri ni kigumu na kina mlio, kilichochoka na jua ni laini kama shuka. Matanga laini yatakusukuma na upepo wa nyuma, lakini ukitaka kubisha utakuwa unapoteza nusu ya safari. Tanga kuu jipya linaweza kuzidi dola 1,000. Mashine iwashwe mbele yako, ikiwa imezamishwa kwenye pipa la maji, na utazame kama inatema maji ya kupoza. Muuzaji akisema ilikuwa inafanya kazi mwaka juzi, ihesabu kuwa haipo, kwa sababu mpya ya nguvu ya farasi sita ni zaidi ya dola 1,500.

Kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi kwenye maghala huko Texas alinipigia simu akiwa na furaha tele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri. Nimepata mashua, dola mia nane. Mwenyewe anasema inataka usafi tu."

"Ina trela?"

"Ipo juu ya trela."

"Matairi ni ya mwaka gani?"

Akanyamaza. Nikamwambia arudi pale kesho yake, pesa aiache nyumbani, anipigie picha ya matairi, ya mkuku, na ya namba iliyochapwa nyuma ya mashua upande wa kulia. Picha zilipofika, majani yalikuwa yameota kupitia rimu na gurudumu moja limezama ardhini. Trela lile lisingefika hata kwenye kituo cha mafuta. Na mashua ambayo trela lake limeachwa hivyo, nayo iliachwa hivyo hivyo. Aliumia, lakini aliiacha. Miezi michache baadaye alipata nyingine kwa dola elfu tatu kasoro, ambayo mwenyewe alikuwa akiisafirisha kila Jumamosi, na wikiendi ileile aliyoilipia alikuwa ziwani na watoto wake.

Ndiyo kauli yangu katika jambo hili lote: lipa zaidi upate chombo ambacho bado kinatembea. Chombo kinachosafiri kina mwenyewe anayejua kinavuja wapi, waya gani amebadilisha na lini, na kwa nini kuna kiraka pale. Kilicholala miaka mitano chini ya mti kina bei ya kuvutia kwa sababu gharama yake imesogezwa mbele, ikusubiri wewe. Vijana wenzetu wenye familia na kazi za zamu mbili hawana miaka ya kukarabati. Wanataka Jumamosi juu ya maji, na nasikitika kila ninapomwona mtu akitumia akiba yake kununua kazi badala ya safari.

Trela basi lipewe muda ule ule unaoipa mashua. Matairi yake huzeeka kwa umri kabla hayajalika kwa mwendo, kwa hiyo kashata nzuri isikudanganye. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa msimbo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yaliyozidi miaka sita yabadilishe kabla ya safari ya kurudi. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Beringi mbovu utaisikia ikisaga. Kila mara trela linapozamishwa ziwani, habu iliyopata moto barabarani hupoa ghafla na kuvuta maji ndani, grisi ikaharibika. Chuma cha fremu nacho, kikiwa cha bomba, huoza kuanzia ndani, hivyo kigonge kwa chini. Taa na breki zijaribiwe ukiwa umeunganisha kwenye gari lako wewe, si la muuzaji.

Na gari lako linaweza? Kilo 1,000 za mashua, ongeza trela, mashine, nanga, mafuta na vyombo, hukaribia kilo 1,500, wakati mwingine zaidi. Gari dogo la abiria halikutengenezwa kwa mzigo huo. Kitabu cha gari kitakuambia kikomo, nacho kiheshimiwe. Karibu asilimia 10 ya uzito wote inatakiwa ilalie kwenye mpira wa kuvutia. Ikipungua mno, trela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo wa barabara kuu na linaweza kukupindua.

Katika matangazo hayohayo utakutana na MacGregor 26, kazi ya Roger MacGregor wa Costa Mesa, ambaye kiwanda chake kilifungwa mwaka 2013. Hizi hazina chuma kizito chini. Zina tangi linalojazwa maji ya ziwa baada ya kushuka na kumwagwa wakati wa kuopoa. Ni nyepesi barabarani kwa urefu wake, na zile za mwisho hubeba mashine ya nguvu ya farasi 50. Lakini tangi likiwa tupu mashua hiyo haina kinachoirudisha inapolala, na watu waliokaa juu ya sitaha upande mmoja wanatosha kuipindua. Ukiinunua, kila anayepanda afundishwe kulikagua tangi, hata watoto.

Karatasi ni mbili, na watu hudai moja. Mashua ina hati yake na trela lina hati yake. Majimbo hayafanani: mengine hutoa hati ya umiliki wa mashua, mengine husajili tu. Uliza ofisi ya jimbo lako kabla, kwa sababu trela lisilo na karatasi litakuzungusha miezi. Mashua zote zilizoundwa kuanzia Novemba 1972 zinatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 nyuma, upande wa kulia. Kwa Catalina huanza na CTY, na mwishoni husomeka mwaka. Namba hiyo ilingane na hati, herufi kwa herufi. Uliza pia mashua ilikuwa wapi wakati wa vimbunga. Sandy peke yake, mwaka 2012, kwa makadirio ya chama cha BoatUS, iliharibu boti zaidi ya 65,000, na zilizorekebishwa kwa rangi zinauzwa mbali na pwani ile.

Jambo moja halihusu bei, nami nalisema kwa sauti ya juu kuliko yote. Mlingoti wa mashua hizi ni wa alumini, unasimamishwa na kulazwa kila safari, kwa kawaida kwenye maegesho ya ziwani. Kabla ya kuusimamisha, tazama juu. Nyaya za umeme zimewaua watu waliokuwa wakisukuma mashua zenye milingoti iliyosimama, kiasi kwamba katika miaka ya 1980 kampuni ya Hobie ilianza kutengeneza sehemu ya juu ya mlingoti kwa faiba isiyopitisha umeme. Catalina yako haina kinga hiyo. Usimamishe mlingoti mahali ambapo kutoka hapo hadi majini hakuna waya wowote juu ya njia.

Faida nyingine ya kuchagua aina iliyozagaa ni vipuri. Kwa Catalina 22 kuna duka la Catalina Direct huko Sacramento linalouza pini, waya, mpira ule wa winchi na mengine mengi, na kuna chama cha kitaifa cha wenye mashua hiyo ambao wamekwisha kukutana na kila ubovu utakaoukuta wewe. Mashua nzuri ya kiwanda kisichojulikana itakufanya uchonge kila kipande mwenyewe.

Kabla ya kulipa, omba mtoke pamoja majini. Muuzaji wa kweli hupenda, na saa moja naye itakufundisha kamba zake zote. Mwezi Oktoba huenda ziwa limeshafungwa. Basi angalau msimamishe mlingoti pamoja pale uani, mtweke tanga, mshushe usukani, na umrekodi kwa simu akieleza hatua kwa hatua. Kisha toa pesa, chukua hati zote mbili zikiwa na sahihi, ufunge mashua kwenye trela kwa mikanda mbele na nyuma. Ukishaendesha maili kumi, egesha mahali salama na uguse habu za magurudumu kwa mgongo wa mkono. Zikiwa na uvuguvugu, endelea. Ikiwepo moja inayochoma, usisogee hata maili moja zaidi: beringi yake imekwisha, na gurudumu hilo linaweza kuchomoka barabarani. Fundi wa matrela atakufuata na beringi mpya hapo ulipo.